Prof na Waya Mmoja

Watu wa avenue yetu, mtaa mmoja wa Kisangani, wakikaa kumkumbuka Prof, humkumbuka kwa waliookoka. Huyu alivutwa kutoka kwenye waya uliokatika, yule alizuiwa asipande juu ya bati wakati wa mvua. Ni kweli tupu, wala sina ugomvi nao. Lakini mimi namkumbuka pia kwa mmoja ambaye hakuokoka, na huyo alikuwa dada yangu mkubwa, tuliyemwita Yaya. Aliuawa na umeme kwenye bomba la maji, kwa waya ambao Prof aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kumsifu, au nimekaa kumlaani. Nilimpenda mtu yule na nilimchukia, na mara nyingi nilifanya yote mawili kwa siku moja.

Jina lake sitaliandika, na sisi wenyewe hatukulitumia. Kwetu Kisangani kila mwalimu wa sekondari anaitwa prof, na maprof walikuwa wengi kama kunguni, wote bila mshahara. Lakini ukisema Prof bila kuongeza neno, mtu yeyote wa upande wa Tshopo alijua ni yule wa fizikia, yule anayetembea akiangalia juu.

Hilo la kuangalia juu lilikuwa jambo la kushangaza miaka ile ya vita. Sisi wote tuliangalia chini kwa sababu ya mabomu ambayo hayajalipuka, au mbele kwa sababu ya askari. Yeye aliangalia nguzo. Alifuata nyaya kwa macho kutoka nguzo hadi paa, kutoka paa hadi paa, akinung'unika, na miguu yake ikajitafutia njia yenyewe. Alijikwaa kila siku. Kucha za vidole gumba hazikupata kupona, na makubazi yake ya mpira wa gari yalikuwa yamekatika mbele yote mawili.

Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni. Alisema ameupeleka gerezani na hautatoka. Sababu yake alitueleza darasani mpaka tukaikariri kama Baba Yetu: mkono mmoja ukigusa waya na mwingine ukigusa chuma, umeme unapita kifuani, na kifuani ndipo moyo ulipo. Mwenye kazi ya kushika nyaya atumie mkono mmoja, na ule mwingine aufiche usije ukasaidia. Maelezo mazuri, lakini kwetu mtu mwenye adabu akimsalimia mzee hushika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto. Prof aliwasalimia wazee kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni, kama mtoto wa tajiri. Wazee walimwita mwenye kiburi, na kwa kweli kiburi alikuwa nacho, hata bila ule mfuko.

Jingine ni kwamba aligusa kila kitu kwanza kwa mgongo wa mkono. Mlango wa chuma, sufuria, kamba ya kuanikia nguo, hata paji la uso la mtoto mwenye homa. Umeme hukunja misuli, alisema. Ukigusa kwa kiganja, vidole vitajifunga na hutaweza kuachia hata ukitaka. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, mkono utaruka wenyewe. Mama yangu alimcheka sana kwa hilo, lakini baada ya muda nilimwona naye akiligusa rechaud letu kwa mgongo wa mkono, akidhani hatumwoni.

Niseme kidogo kuhusu marechaud, maana asiyeishi kwetu hawezi kuelewa. Barabara zilikuwa zimekatika, meli zilikuwa hazipandi tena kutoka Kinshasa. Chumvi ilikuwa ya kuomba kwa kijiko, mafuta ya taa hayakuwepo kabisa. Lakini mto Tshopo haukujua kuna vita. Uliendelea kuanguka palepale bwawani, na mashine zikiwa na afya kidogo zilitupa umeme, siku nyingine asubuhi, siku nyingine mchana, siku nyingine hakuna. Basi mji usio na mkate ulipika kwa umeme. Mafundi wa mitaani walichimba mfereji katika tofali la udongo, wakalaza humo waya wa kujikunja, na hilo ndilo rechaud. Lilichemsha sombe ya majani ya muhogo, likapika lituma ya ndizi, na mara kwa mara lilimrusha mwanamke hadi ukutani kwa sababu amekoroga na kijiko cha chuma, miguu peku juu ya udongo uliolowa.

Prof aliingia jikoni mwa watu bila kubisha. Alinyang'anya vijiko vya chuma akavitupa nje. Aliweka ubao mbele ya rechaud na kumwambia mama mwenye nyumba kwamba hapo ndipo mahali pake pa kusimama, na mwiko wa mti ndiyo bima yake. Hakuomba ruhusa, hakusema tafadhali. Wanaume walilalamika kwamba mtu mzima hawezi kuingia jikoni kwa mke wa mwenzake namna ile. Lakini wake zao walisimama juu ya ubao.

Darasani alikuwa mkali zaidi. Hatukuwa na vitabu wala chaki, tulikuwa na simu ya zamani, ile ya kuzungusha mkono, aliyoiokota sijui wapi baada ya askari kupora mji mara ya kwanza. Alitupanga duara, tumeshikana mikono, wa mwanzo na wa mwisho wakashika nyaya za simu, halafu akazungusha. Tulipiga kelele darasa zima, tukarukaruka. Kisha alimwamuru mmoja amwachie mwenzake. Akazungusha tena, na hakuna aliyesikia kitu. Hapo akatuangalia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifurahi. Umeme ni msafiri anayetaka kurudi nyumbani, alituambia, na usipompa njia ya kurudi hatoki. Lakini akikuona wewe umesimama ndiyo njia, hatakuuliza jina. Nilikwenda nyumbani nikiwa na alama kumi juu ya kumi moyoni. Yaya alikuwa ameacha shule ili amsaidie Mama, basi somo lote nilimsimulia yeye huku tukitwanga. Alisikiliza vizuri kuliko wengi wa darasa langu.

Prof alikuwa pia mwoga wa radi. Watu hawapendi nikilisema hili, lakini ni sehemu yake. Ngurumo ya kwanza ikipiga, mtu huyu ambaye aliwakemea askari aliingia chini ya kitanda na rozari yake, na mke wake aliketi juu ya kitanda akimwimbia nyimbo za kanisa mpaka wingu lipite. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu bila aibu kwamba anajua radi ni nini, ndiyo maana anaogopa, na kwamba wasioogopa ni wale waliokuwa wamelala darasani.

Na kweli aliwakemea askari. Nyumba kubwa ya pembeni, ya mfanyabiashara wa Butembo aliyekimbia, ilikaliwa na komanda wa moja ya yale majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yamejigawia mji wetu. Fyuzi ya nyumba ile iliungua, na vijana wake, badala ya fyuzi, wakachomeka ganda la risasi. Ganda la risasi haliungui. Waya uliotulisha sisi wote ulianza kunuka na kulainika kwenye nguzo. Prof akaenda, mkono wa kulia ukisalimia, wa kushoto mfukoni. Mlinzi alifikiri ana bomu mfukoni. "Toa mkono!" akapiga kelele, na bunduki tayari. Prof alisita kidogo, kwa mazoea tu, na kule kusita kulimgharimu meno mawili ya mbele kwa kitako cha bunduki. Wakamtoa mkono, wakaukuta mtupu. Akiwa bado chini alimweleza komanda, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba nyumba itaungua na yeye akiwa ndani. Komanda alimwachia alitoe lile ganda. Alirudi kwetu kinywa kimejaa damu, na jambo pekee alilolalamikia ni kwamba hakupata fyuzi ya kweli ya kuweka mahali pake.

Wiki hiyohiyo risasi iliyopotea njia ilimuua jirani yetu mlangoni pake, akimenya ndizi. Kwenye matanga Prof alisimama na pengo lake jipya. Mama alinishika goti, alijua litakuja neno lisilofaa. Na lilikuja.

"Masasi sina dawa yake," alisema. "Lakini courant, dawa yake niko nayo. Donc ku avenue hii hakuna mutu atakufa na courant. Minasema mbele yenu bote."

Watu waliona ni aibu kuleta habari za umeme kwenye msiba wa risasi. Lakini mimi nilielewa, na naamini Papa, baba yangu, pia alielewa. Vita ilikuwa imetunyang'anya kila kitu ambacho mtu anaweza kukilinda. Yule bwana alikuwa ametafuta kifo kimoja, kimoja tu, ambacho kina kanuni, akajiapiza kukisimamia mlangoni kisiingie. Tangu siku hiyo hatukumwona akipumzika. Kila waya wa avenue ulikuwa waya wake, na kila mtu aliyeamka asubuhi bila kupigwa na umeme ilikuwa kazi yake imefanikiwa.

Adui wake mkubwa hawakuwa askari bali waya mmoja. Waya ulikuwa adimu, shaba yote iliporwa. Basi mtu aliyekuwa na waya mmoja tu aliunasa kwenye laini, akauleta kwenye taa, na kwa upande wa pili wa taa alifunga fimbo ya chuma akaipigilia ardhini nyuma ya nyumba. Taa iliwaka. Watu walisema Mungu ametupa waya wa pili bure, ni udongo. Prof alikuwa akizunguka na koleo aking'oa fimbo zile kama mtu anayeng'oa magugu. Aling'oa hata ya mdogo wake wa tumbo moja, na hawakusemezana tena hadi mdogo wake alipohamia Yahuma.

Siku moja mwenye rechaud la waya mmoja alifiwa na mbuzi. Mvua ilikuwa imelowesha ua, mbuzi akapita karibu na fimbo, akaanguka. Prof alikataza mtu asimguse mpaka alipong'oa ule waya, halafu akatuita, wakubwa kwa watoto, tukasimama kumzunguka mbuzi. Udongo ulio karibu na fimbo una umeme mwingi, wa mbali una kidogo, alieleza, na mbuzi miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, basi umeme umeingia huku umetokea kule. Mtoto wa mtu akichuchumaa hapa kucheza, itakuwa vilevile. Mwenye mbuzi alisikiliza hadi mwisho akiwa na kisu mkononi, kisha akauliza kama nyama inalika. Prof alisema inalika.

Sasa nifike kwenye materinite.

Ilikuwa nyumba ndogo ya kujifungulia mwisho wa avenue, yenye mama mmoja mkunga ambaye nusu ya watoto wa Tshopo walianza kumwona yeye kabla ya mama zao. Askari walipora vitanda vyake, godoro, na waya wote wa ukutani. Alizalisha kwa mwanga wa utambi katika mafuta ya mawese, unaotoa moshi kuliko nuru. Alikwenda kwa Prof kuomba taa moja. Prof alimwambia ana waya mmoja tu, na waya mmoja hafungi. Mkunga alirudi tena, akajibiwa vilevile. Kisha akafa mwanamke, mke wa mwendesha baiskeli, kwa damu ambayo mkunga hakuweza kuona inatokea wapi. Mara ya tatu mkunga hakuomba kitu. Alisimama tu mlangoni kwa Prof na vitambaa vyake vya damu, hajavifua, mpaka mke wa Prof akatoka akamshika mkono.

Kesho yake Prof alifunga waya mmoja.

Hakutumia fimbo. Mbele ya materinite kulikuwa na bomba la maji la avenue nzima, robine ya kufungulia maji juu ya nguzo ya sementi, na chini yake mrija wa chuma wa tangu wakati wa Wabelgiji, unaokwenda mbali sana ndani ya udongo ulioloa. Njia ya kurudi nzuri kuliko hiyo hakuna, alisema. Alifunga waya kwenye shingo ya bomba, akawasha, taa ya barazani, iliyomulika mpaka chumbani kwa mkunga, ikawaka. Aligusa robine kwa mgongo wa mkono, halafu akaweka hata ulimi wake mbele yetu, wenye kucheka wakacheka.

"Kama mrija iko nzima, mutoto anaweza kulamba hii robine," alimwambia mkunga. "Lakini iwe nzima, mama. Ikikatika, ile courant yote itangoja hapa ku robine."

Kila mtu alisikia. Yaya alikuwepo, na bidoni lake la maji kichwani. Watoto walizaliwa chini ya taa ile, mmoja akaitwa Lumière, yaani Nuru, na mwanamke wa kufa kwa giza hakuwepo tena. Prof hakuonekana kujivuna. Alipita pale asubuhi na jioni, akigusa robine kwa mgongo wa mkono.

Kisha yale majeshi mawili, yaliyokuja kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu, juu ya vichwa vyetu. Sina haja ya kueleza mabomu yale, aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo nimtakie heri. Tulilala chini ya vitanda tukanywa maji ya mvua. Umeme ulikatika mara ya kwanza wakati mwanamke mmoja akijifungua materinite, na Prof alikuwa pale barazani akiilinda taa. Alikimbia nyumbani chini ya makombora, na swichi akaiacha ilivyo, imewashwa. Yeye, aliyetufundisha kwamba umeme ukienda zima kila kitu. Lakini mji mzima tulikuwa tukiacha taa imewashwa, maana ndiyo ilitupigia mbiu kwamba umeme umerudi.

Bomu moja lilianguka mbele ya materinite. Lilichimba shimo nyuma ya nguzo ya bomba, upande usioonekana ukitoka kwetu, na kuukata mrija. Robine ilibaki imesimama juu ya nguzo yake ya sementi, kavu, na kipande cha mrija kikining'inia juu ya shimo bila kugusa udongo.

Bunduki ziliponyamaza, Prof alikuwa wa kwanza kutoka. Kwenye barabara kubwa nyaya zilikuwa zimelala chini kama nyoka, na watu wakipita juu yake na maiti zao kwenye mikokoteni. Alianza huko. Tangu asubuhi alikata, alikunja, alifunga ncha kwa mpira, aliwafukuza watu. Materinite aliiacha ya mwisho, kwa sababu ule wa materinite ulikuwa waya wake mwenyewe na aliuamini.

Umeme ulirudi alasiri, mbingu nzito, mvua nyepesi inaanza. Watoto walipiga kelele avenue nzima, "courant imerudia!", taa zikawaka mchana. Na kwetu umeme ukirudi wanawake hawashangilii, wanachukua bidoni. Mashine za kusukuma maji zinakula umeme, basi mwanga hutangulia na maji huja nyuma yake. Kila mwanamke wa Kisangani anajua hilo tangu utotoni. Ilikuwa siku nyingi hatujapata maji safi, na mtoni hatukwenda, kwa yale yaliyokuwa yakipita mtoni. Yaya alinyakua bidoni akakimbia, peku, ili awe wa kwanza kwenye foleni. Nilikuwa nyuma yake na bidoni la pili.

Nilimwona Prof ng'ambo ya barabara. Nyumba zote zilikuwa zinawaka, na yeye aliangalia taa moja tu, ya baraza la materinite. Haikuwaka. Sura yake ilibadilika mara moja. Alitupa koleo, akaanza kukimbia, mikono yote miwili nje, na sikuwahi kuiona yote miwili pamoja.

"Robine!" alipiga kelele. "Musiguse robine!"

Yaya aligeuza kichwa. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kujifunga kwenye robine. Hakulia. Alisimama tu akitetemeka kidogo kama mtu mwenye baridi, miguu ndani ya tope, na mimi kwa upumbavu nilidhani anafungua robine ngumu. Prof alinipita, akanyakua mchi kwenye kinu cha jirani, akaupiga ule waya mpaka ukang'oka, na Yaya akaanguka. Alimkandamiza kifua, akampulizia mdomoni, akamkandamiza tena, hadi Papa alipokuja akamtoa juu yake kwa kumkumbatia kutoka nyuma. Baadaye nilijifunza kwamba moyo wa mtu unasimama kwa umeme usiotosha hata kuwasha taa vizuri.

Kwenye matanga ya Yaya, Prof alisimama mbele ya watu. Alikuwa hajaoga, tope la pale lilikuwa bado magotini mwake.

"Mrija bombe ilikata," alisema. "Lakini waya ni yangu. Swichi, ni mimi niliacha. Ni mimi niliua huyu mutoto."

Hawakumwacha amalize. Mkunga alilia akisema Prof ameleta watoto wangapi duniani. Mwingine akasema ni saa ya Mungu. Papa yangu, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kunyamaza, alimshika mikono yote miwili. "Hapana, Prof," alimwambia. "Ni vita njo ilimuua. Kaa chini." Prof aliwabishia. Aliwaambia wasikilize, alitaka kuchora ule mrija kwa mkaa ukutani, akawa anawakemea kama darasa. Walimletea kiti na sahani ya wali. Walimsamehe kwa haraka, jinsi mtu anavyofunga mlango mvua ikija, kwa sababu walikuwa wanamhitaji kesho, na kwa sababu hawakuwa na nguvu za kumchukia mmoja wao wakati waliotuua kwa makusudi walikuwa wangali wanapita barabarani.

Mimi nilikaa kwenye mkeka na hasira pande zote mbili. Nilimkasirikia yeye kwa alichofanya. Niliwakasirikia wao kwa kumpokonya kosa lake. Ikiwa ni vita iliyomuua Yaya, basi hakuna aliyemuua, na anaingia katika lile shimo kubwa pamoja na wengine wote ambao hakuna aliyewaua. Yaya hakufa hivyo. Alikuwa na kifo chake mwenyewe, chenye mwanzo na mwisho, na kulikuwa na mtu mmoja mji mzima aliyekubali kukijibia.

Prof aliuondoa waya wa materinite siku ileile na hakuurudisha. Mkunga alirudi kwenye utambi wake. Alikuja kuomba tena, Prof akamfungia mlango, na mwanamke mwingine akafa gizani. Watu waliomsamehe kwa Yaya walimlaumu kwa huyo. Alijihesabia wote wawili.

Kila mwaka, majira yale, alikuja kwetu. Aliketi, akasema yaleyale, Papa akamjibu yaleyale. Ilikuwa kama sala ya watu wawili ambao hawasali kwa Mungu mmoja. Papa alifariki, Mama akarudi kwa ndugu zake, nami nikaolewa ng'ambo ya kushoto ya mto. Prof aliacha kuja. Nilisikia tu kwamba ameacha kufundisha, na kwamba mke wake amefariki.

Miaka mingi baada ya vita nilimtembelea. Nilikuwa nauza samaki wa wavuvi Wagenia sokoni, nikamchemshia mmoja mzuri, nikavuka. Nyumba yake haikuwa na waya hata mmoja. Majirani walikuwa na redio, friji, simu zinachaji dirishani, na kwake ilikuwa mishumaa. Jicho moja lilikuwa limefunga ukungu. Alinitambua kwa sauti. Tuliongea habari za watoto wangu, za bwawa, za bei ya samaki. Kisha akageuza jicho zima upande wangu.

"Ulikuwa mwanafunzi yangu," alisema. "Papa yako alikuwa mutu muzuri, alinijibu na huruma. Miye sitaki huruma. Nani aliua yaya wako?"

Maneno mepesi yote yalinijia, nilikuwa nayasikia tangu utoto. Vita. Saa ya Mungu. Bahati mbaya. Alikuwa mzee, alikuwa peke yake, na neno moja laini lingetumalizia kazi sote. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno yale, na nilijua yeye amechoka nayo zaidi.

"Ni wewe, Prof," nilimwambia. "Vita ilikata mrija. Lakini waya ni wewe uliufunga, na swichi ni wewe uliacha. Yaya ulimuua wewe."

Nilifikiri atalia. Hakulia. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza tangu nilipomjua alisema jambo ambalo hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulisema, maana nani ataombwa msamaha na mtu asiye na kosa?

"Basi, unisamehe."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimwona Yaya na miguu yake ndani ya tope. Neno lenyewe nilimpa baadaye, kabla hajafa, lakini siku ile sikuwa nalo, na kumdanganya sikuweza.

"Bado, Prof," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

"Bon," alisema. "Sasa minaweza kungoja." Akavuta sahani ya samaki karibu, akaanza kula.